Maziwa, Miguu na Presha Chini ya Mlima Meru

Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipatwa na shambulio la moyo akiwa mapumzikoni Denver, na nchi nzima ikaingiwa na hofu. Hakuwa peke yake. Wanaume wa makamo, wenye kazi nzuri na chakula tele, walikuwa wakianguka na kufa ghafla huku madaktari wao wakibishana juu ya sababu. Hoja iliyokuwa ikipata nguvu ni ya Ancel Keys wa Minnesota: mafuta ya wanyama hupandisha lehemu kwenye damu, lehemu hujijenga ndani ya mishipa ya moyo, na hatimaye mishipa huziba. Daktari mmoja hakushawishika. Huyu ni George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliyewahi kufanya kazi kwenye utafiti wa Framingham, ule ulioanza 1948 kwa kuwafuatilia wakazi 5,209 wa mji mdogo wa Massachusetts. Kama kweli maziwa na nyama ndivyo viuaji, basi palipaswa kuwa na watu wanaokufa kwa wingi kuliko hao Wamarekani: watu waliolelewa kwa maziwa na nyama tangu utotoni, vizazi na vizazi. Watu hao walikuwepo, kwenye nyika zinazouzunguka Mlima Meru.

Mapema miaka ya 1960, Mann na wenzake waliingia Umasaini, upande wa Tanganyika. Walipima wanaume 400, na baadhi ya wanawake na watoto. Walichukua damu, wakapima presha, wakachunguza mwenendo wa umeme wa moyo. Ripoti yao ya 1964 iliwashangaza wengi. Wanaume hawa waliokula mafuta ya wanyama mengi kuliko Mmarekani wa kawaida walikuwa na lehemu kidogo kwenye damu, na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo hazikuonekana. Mann akatoa hukumu: mafuta ya chakula hayana hatia. Hata hivyo alikiri kwamba huenda kuna kinga nyingine inayofunika kila kitu, kama vile utulivu wa akili au wingi wa kazi za mwili. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichapisha matokeo mengine, juu ya ukakamavu wa Wamasai, na kwa mwendo ule wa kuchunga na kuhama hakuna mtu wa Arusha ambaye angeshangaa kusikia kwamba walikuwa wakakamavu mno.

Habari hiyo ilienea, na hadi leo haijatulia. Kila anayetaka kutetea sahani yake ya nyama choma humtaja Mmasai. Tatizo ni kwamba wengi huishia mwaka 1964, ilhali hadithi iliendelea.

Mwaka 1972, Mann alirudi na ushahidi wa aina nyingine. Safari hii miongoni mwa wenzake alikuwemo Anne Spoerry, daktari Mfaransa wa shirika la Flying Doctors aliyerusha ndege mwenyewe na kutua kwenye viwanja vya nyasi vya Afrika Mashariki. Walikuwa wamekusanya mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Walipoipasua walikuta jambo ambalo damu haikuwaambia. Mishipa ilikuwa na ugonjwa. Mafuta yalikuwa yamejipenyeza kwenye kuta zake, na kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa sawa na za wazee wa Kimarekani. Lakini vidonda vilivyopasuka, vile vinavyogandisha damu na kusababisha shambulio, vilikuwa vichache sana. Tena mishipa yenyewe ilikuwa mipana: kadiri umri ulivyosogea ndivyo ilivyotanuka, kiasi cha kufidia na kuzidi kile kilichozibwa na unene wa kuta. Mann alidhani upana huo umetokana na miguu, yaani mwendo wa kila siku uliomfanya Mmasai awe na mishipa inayopitisha damu hata ikiwa imeugua.

Soma tena hapo. Wamasai hawakuwa na mishipa safi. Walikuwa na mishipa iliyougua isiyoua.

Mwaka mmoja kabla, 1971, kundi jingine la watafiti, Kurt Biss, Kang-Jey Ho, C. Bruce Taylor na wenzao, lilikuwa limechapisha maelezo tofauti: mwili wa Mmasai, ukipata lehemu nyingi kutoka kwenye chakula, hupunguza ile unayoitengeneza wenyewe, na hivyo kiwango kwenye damu hakipandi. Baadaye Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake waligeukia supu. Morani wanapokwenda orpul, huko porini wanakochinja na kula nyama siku baada ya siku mbali na boma, hawanywi supu tupu. Hutia magome na mizizi, kama ya mti wa okiloriti. Johns na wenzake walichunguza mimea hiyo na kukuta mingine ina vitu vyenye tabia kama ya povu la sabuni, vinavyoweza kupunguza lehemu inayofyonzwa tumboni. Basi wale wanaosema Mmasai anakula nyama na maziwa tu wamesahau sufuria yenyewe.

Hawa hawakuwa wa kwanza kuja Afrika Mashariki kupima mioyo. Mwaka 1929 daktari wa kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kwa miaka miwili hospitalini kwake Kisii, Kenya, wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa, na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Kisha akapima watu 1,000 na kuona kwamba presha ya Mwafrika haikupanda na umri kama ya Mzungu. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huo huo wa 1929 na baadaye kufundisha Makerere na Mulago, alingoja mpaka 1956 ndipo akachapisha habari ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kama kisa cha nadra. Mtu anaweza kuwashuku. Hospitali za kikoloni hazikupokea wazee wengi, na ilikuwa rahisi kwa Mzungu kuamini kwamba Mwafrika hana mawazo ya kumpandisha presha, wakati kodi na shamba la mkoloni vilikuwa mlangoni. Hata hivyo, ushahidi uliofuata ulionyesha kwamba walichokiona kwa sehemu kubwa kilikuwa kweli.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka jeshini. A. G. Shaper, aliyefanya kazi Kampala, aliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, ndugu wa Wamasai kwa lugha na mifugo. Nyumbani kwao walikuwa wembamba na presha zao zilikuwa chini. Kisha akawachunguza vijana wa Kisamburu walioingia jeshi la Kenya, mahali penye mlo wa kambi na chumvi ya kambi. Ripoti ya 1969 ilionyesha kwamba kadiri walivyokaa jeshini ndivyo uzito na presha vilivyopanda. Ni vijana wa jamii ile ile, wa ukoo ule ule. Kilichobadilika ni maisha, na miaka michache ilitosha.

Wakati huo huo, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na watu wengine wa maziwa. Wakulima na wakata magogo wa mashariki ya Finland walikunywa maziwa, wakala siagi kwa wingi, na kufanya kazi ngumu msituni kwenye baridi kali. Kwa maelezo ya Mann ya miguu na jasho, walipaswa kuwa salama. Badala yake, Keys alipowaingiza kwenye utafiti wake wa nchi saba mwishoni mwa miaka ya 1950, wao ndio waliokuja kuonekana wakifa zaidi kwa moyo. Wajane walikuwa wengi vijijini. Tofauti ya mkata magogo huyu na mchungaji wa Kimasai wa Longido haikuwa kwenye jasho. Mfini alivuta sigara. Alikula chumvi nyingi. Presha yake ilikuwa juu na lehemu yake juu zaidi. Alikuwa na kazi ngumu, lakini vihatarishi vingine vyote alikuwa navyo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo hukumu ya Mann ya 1964 inapovunjika. Miguu ilimlinda Mmasai kwa sababu haikuwa peke yake: presha ilikuwa chini, mwili mwembamba, sigara haikuwepo, lehemu kwenye damu kidogo, na chakula, hata kikiwa cha mafuta, hakikuwa kingi kupita kiasi, maana kiangazi kilipofika maziwa yalikatika. Toa kimoja, vingine vinaweza kubeba mzigo. Toa vitatu uone.

Wafini wenyewe walionyesha kwamba njia hiyo inapitika pande zote mbili. Mwaka 1972, baada ya wananchi wa North Karelia kuiomba serikali msaada, ulianza mradi ulioongozwa na daktari kijana Pekka Puska. Hawakujenga hospitali kubwa. Walikwenda kwenye vikundi vya akina mama na mapishi yao, wakaongea na wenye viwanda vya maziwa na soseji, wakapunguza siagi na chumvi, wakahimiza wavutaji waache, wakapima presha na kutoa dawa. Miaka 35 hivi baadaye vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Maumbile ya Wafini yalikuwa yale yale.

Turudi mlimani. Wakati watafiti wakifukuzana na mchungaji kwenye vumbi, kwenye miteremko ya Meru waliishi jamaa zake ambao hakuna jarida kubwa lililowapa umaarufu. Waarusha wanazungumza Kimaa, wana rika na jando kama Wamasai, lakini tangu miaka ya 1830 hivi, walipopanda kutoka Arusha Chini, wamekuwa wakulima. Jirani zao Wameru nao ni wakulima wa muda mrefu. Chungu chao kilikuwa cha mahindi, maharage na ndizi, na maziwa yakaingia kama kitoweo: ndiyo loshoro, mahindi au ndizi zilizochanganywa na maziwa ya mgando. Mwili wao ulifanya kazi, ila kwa namna nyingine, kwa jembe, kwa kupanda na kushuka mlima, kwa mwanamke kubeba majani ya ng'ombe wa zizini na ndizi za kupeleka sokoni. Mpiga picha wa kigeni hampendi mkulima mwenye jembe kama anavyompenda morani mwenye mkuki, na nadhani sayansi nayo imeambukizwa udhaifu huo. Ni hasara, maana wakazi wengi wa Arusha leo ni watoto wa jembe.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ilihesabu watu zaidi kidogo ya 30,000. Sensa ya 2012 ilihesabu 416,442 na ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Kwa muda mrefu mtu wa Sanawari au Ngaramtoni alikwenda Soko Kuu kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani. Kisha vikaja vifodi, kisha bodaboda, kisha bajaji inayomchukua mtu mlangoni na kumshusha mlangoni. Mlima ulioteremkwa kwa miguu kila alfajiri sasa unateremkwa kwa kukaa. Mafuta ya kula yakawa ya dumu. Kwenye kona za Ngarenaro na Kaloleni kikaango cha chipsi mayai kinawaka mpaka usiku wa manane, na soda ikahama kutoka sikukuu kuwa kinywaji cha mchana wa kawaida. Kijana wa Kimasai aliyeshuka kutoka Longido kutafuta kazi akapewa rungu na tochi, akawekwa getini kulinda: anakaa usiku kucha, analala mchana kwa vipande, anakula ugali wa dukani. Shuka ni ile ile.

Tofauti hizo za mwendo zimepimwa. Mwaka 2010 Julius Mbalilaki na wenzake, Watanzania na Waskandinavia, walichapisha ulinganisho wa Watanzania 985: Wamasai 130, Wabantu wa vijijini 371 na Wabantu wa mjini 484. Wamasai walio wengi walikula mafuta mengi na wanga kidogo, wanakijiji walio wengi wanga mwingi na mafuta kidogo. Zaidi ya nusu ya watu wa mjini walikuwa wamechukua yote mawili, mafuta mengi na wanga mwingi. Kisha ikaja hesabu ya nguvu inayotumika kwa siku juu ya ile ambayo mwili unaihitaji ukiwa umetulia tu. Mmasai alitumia kilokalori 2,565. Mwanakijiji 1,500. Mtu wa mjini 891. Watafiti walikadiria kwamba mtu wa nchi za Magharibi angehitaji kuongeza mwendo wa kama kilomita 20 kila siku ili amfikie Mmasai. Anayeagiza kilo ya mbuzi kwenye baa ya Sakina huku akiwataja Wamasai ajiulize kwanza kuhusu hizo kilomita.

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusema kijiji ni afya na mji ni ugonjwa. Wengi humalizia hapo. Takwimu zinakataa.

Katikati ya miaka ya 1990, chini ya mradi uliokuwa ukifuatilia maradhi na vifo vya watu wazima, watafiti walipima presha za watu wa Ilala, Dar es Salaam, na za watu wa kijiji cha Shari, wilaya ya Hai, mwendo mfupi tu kutoka Arusha kwa barabara ya Moshi. Mtu angetarajia mji uongoze. Ilala presha ya juu ilikutwa kwa asilimia 30 ya wanaume na asilimia 28.6 ya wanawake. Shari, kijiji cha kahawa na ndizi, ilikuwa asilimia 32.2 na 31.5. Mlima haukumlinda mtu. Na lililo baya zaidi, katika wale wenye presha, chini kidogo ya asilimia 20 ndio waliojua wanayo, kama asilimia 10 walikuwa na dawa, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika asilimia moja.

Habari ya Waluo nayo inafundisha. Katika miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake waliwafuata watu waliotoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi, na wakaona presha zao zikipanda ndani ya miezi ya kwanza tu. Chumvi kwenye mkojo iliongezeka, na potasiamu, inayotokana zaidi na matunda na mboga, ikapungua. Lakini miaka kadhaa baadaye Nigel Unwin na wenzake walifanya jambo kama hilo kwa watu waliotoka Morogoro vijijini kuhamia Dar es Salaam, wakiwapima kabla ya kuondoka na tena baada ya mwaka. Walioweza kufuatiliwa mpaka mwisho walikuwa 132. Kazi nzito za mwili zilianguka, kwa wanaume kutoka asilimia 79.4 mpaka 26.5. Uzito uliongezeka kwa kilo mbili na ushei, wanaume kwa wanawake. Nyama nyekundu ikaongezeka. Kufikia hapo kila kitu kinakwenda kama tulivyotabiri. Ila matunda na mboga navyo viliongezeka, na presha, badala ya kupanda, ilishuka: kwa wanaume kwa milimita 5.4 za zebaki, kwa wanawake 8.6.

Kwa hiyo mji wenyewe si sumu. Una mambo mengi ndani yake, na kila moja linavuta upande wake. Mhamiaji wa Nairobi alikutana na chumvi. Wa Dar alikutana na tunda sokoni pamoja na kitambi kinachoanza. Arusha ina bahati ambayo miji mingi haina, maana mboga za Tengeru na parachichi za mlimani zinafika Soko la Kilombero zikiwa bado na umande. Mtu anaweza kuhama kutoka boma hadi Njiro akaula mji kwa busara. Anaweza pia kubaki bomani akaugua.

Maana boma nalo limehama bila kuondoka. Malisho yamepungua, mifugo kwa kila kaya imepungua, na ugali umechukua nafasi ya maziwa. Chai ya sukari imekuwa kifungua kinywa. Utafiti uliochapishwa 2020 juu ya Wamasai wa Hifadhi ya Ngorongoro, watu wazima karibu 900, ulikuta presha ya juu kwa takriban mmoja kati ya wanne, na kiasi kama hicho wakiwa na mafuta mengi kwenye damu. Ni wajukuu wa wale ambao mwaka 1964 walikuwa fahari ya majarida. Kwa kiwango hicho wamelingana na Watanzania wengine: upimaji wa kitaifa wa 2012 ulikuta presha ya juu kwa asilimia 26 hivi ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64.

Hapa inafaa kusema wazi moyo wa Mtanzania unakufa kwa nini, kwa sababu tukiendelea kubishana juu ya nyama kama Wamarekani wa 1955 tutakosa shabaha. Muhimbili, watafiti wakiongozwa na Abel Makubi walichunguza wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi, wakachapisha matokeo 2014. Asilimia 45 walifikishwa hapo na presha. Asilimia 28 walikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo yenyewe, asilimia 12 ni madhara ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kuziba kwa mishipa, ule ugonjwa aliokuja kuutafuta Mann, ilikuwa asilimia 9. Presha inaua polepole. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyokaza huongeza msuli, kama pampu ya baiskeli inavyompa mkono mgumu anayejaza tairi lililokwisha jaa. Msuli ukinenepa sana hukakamaa, hushindwa kujaa damu vizuri, na mwisho hulegea na kutanuka. Miguu inavimba, pumzi inakata ukilala chali. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mwenyewe hasikii kitu.

Na ule ugonjwa wa kuziba haupo mbali. Pale KCMC, Moshi, Julian Hertz na wenzake waliwachunguza wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliotimiza vigezo vya ugonjwa wa ghafla wa mishipa ya moyo walikuwa 152, zaidi ya mmoja kati ya watano. Ni ugonjwa ambao mwaka 1956 Trowell aliuandikia makala kwa kumpata mgonjwa mmoja.

Je, kubadili kunasaidia mtu aliyekwisha kuanza safari hii? Kunasaidia, na haraka kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa 2016 katika Lancet, uliojumlisha majaribio mengi, ulionyesha kwamba kushusha presha ya juu kwa milimita 10 hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 20, kiharusi kwa asilimia 27 na moyo kushindwa kazi kwa asilimia 28. Kila kilo moja ya uzito inayopungua hushusha presha kwa kama milimita moja. Mvutaji akiacha, ndani ya mwaka hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inafikia nusu hivi ya ile ya anayeendelea. Chumvi, Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichopigwa usawa, na hapo ihesabiwe yote, hata ya kwenye kachumbari na ile anayonyunyiza mchoma nyama. Mtu wa Arusha aongeze jambo moja ambalo vipeperushi vya wageni havilitaji: magadi. Yale mawe ya Ziwa Natron yanayolainisha makande na maharage yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Mgonjwa anaambiwa apunguze chumvi, anaitoa kwenye mchuzi, anaendelea kuila kwenye makande.

Tangu 2015 nchi ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na moyo ambao zamani ungepelekwa India sasa unapasuliwa Dar es Salaam. Ni jambo la kujivunia. Lakini Wafini hawakupunguza vifo vyao kwa kisu peke yake, wala Wasamburu wa jeshini hawakupandishwa presha na ukosefu wa madaktari bingwa. Jiji la Arusha linapopanua barabara zake, njia ya waenda kwa miguu isiachwe kuwa maegesho ya magari na meza za biashara, kwa sababu ndiyo iliyobaki ya zile kilokalori 2,565.

Na wewe msomaji, kama umevuka miaka 40 na hukumbuki mara ya mwisho kufungwa kile kitambaa cha kupimia mkononi, kapime wiki hii, zahanati yoyote itatosha. Ukipewa dawa za presha usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Presha ya juu, kama tulivyoona, kwa miaka mingi haisikiki. Mpeleke na mama, na baba mlinzi wa getini.